Nguo ya mtoto mnene ikatwe kwa mwili wake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mzazi mwenye mtoto mnene amnunulie nguo ya saizi ya mtu mzima, au ampeleke kwa fundi? Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni nguo za watoto: sare za shule, kanzu za chuoni (madrasa), magauni ya Idi. Jibu langu ni ampeleke kwa fundi, ila awe fundi anayepima. Yule anayemtupia mtoto jicho moja, akamuuliza mama "ana miaka mingapi huyu?", kisha akakata shati la miaka 14 kwa mtoto wa miaka 9, atakushonea nguo ile ile ambayo ungeikuta imening'inizwa dukani.

Shida ya nguo kubwa mnaiona kila Januari shule zikifunguliwa. Watoto wanapita barabarani na mashati meupe yaliyowatosha tumboni peke yake. Mshono wa bega umeshuka hadi katikati ya mkono, kola imeachama, mikono imekunjwa na kukunjwa tena. Kaptula ya bluu imefungwa mkanda chini ya tumbo, na kitako chake kinaning'inia karibu na magoti. Mtoto huyo anatembea huku anapandisha nguo, na wenzake wanamwona anavyopandisha.

Sababu ni kwamba mifupa haipanuki kwa kadiri nyama inavyoongezeka. Mtoto wa miaka 9, awe mnene au mwembamba, ana mabega ya kitoto na mikono mifupi ya kitoto. Kinachozidi ni tumbo, kifua, mgongo wa juu, mkono karibu na kwapa, nyonga na mapaja. Ukitanua nguo yote kwa pamoja unampa kitambaa mahali asipokihitaji, na pale anapokihitaji bado inabana. Kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, walipimwa watoto wapatao 147,000 ili kupanga saizi za nguo, na waliofanya kazi hiyo wakaona umri ni kipimo dhaifu, wakapendekeza kimo pamoja na mzunguko wa nyonga. Hata hivyo nguo nyingi za watoto mpaka leo zina lebo ya miaka. Mama anasoma "miaka 10", mwanawe ana miaka 10, nguo haiingii, na lawama inamwangukia mtoto.

Sasa kupima. Kiuno cha mtoto mwenye tumbo la mviringo hakionekani kwa macho, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokisia. Chukua lastiki nyembamba, mfunge tumboni bila kubana, mwambie ainame kulia na kushoto, akae, asimame. Lastiki itatulia yenyewe mahali fulani. Hapo ndipo kiuno cha sketi au kaptula kitakapokaa siku nzima, upende usipende, kwa hiyo iache ilipo iwe alama yako. Pima tumbo pale lilipojaa zaidi, hata kama ni chini ya lastiki. Kisha pima tena akiwa ameketi, maana mtoto wa shule anashinda dawatini, na tumbo na nyonga hutanuka akikaa. Mimi kiuno cha kaptula na sketi nakikata kwa kipimo cha kuketi.

Baada ya hapo kuna vipimo ambavyo naona vinarukwa karibu kila mahali. Weka futi begani pale shingo inapoanzia, ishushe mbele juu ya kifua na tumbo mpaka kwenye lastiki. Pima hivyo hivyo nyuma. Kwa mtoto mwembamba tofauti huwa ndogo. Kwa mtoto mwenye tumbo, mbele inaweza kuzidi kwa inchi 1, 2, hata zaidi. Usipoiweka inchi hiyo kwenye kitambaa, gauni litaitafuta kwenye pindo: mbele litapanda juu ya magoti, nyuma litashuka, na mama atasema mtoto kanenepa tena, kumbe gauni lilikatwa hivyo tangu siku ya kwanza. Pima na mzunguko wa mkono karibu na kwapa, na mzunguko wa paja lilipo nene. Mtoto ambaye shati linambana kwapani hanyooshi mkono darasani hata kama jibu analijua.

Kuhusu namna ya kupima nina ombi kwa mafundi wenzangu na kwa wazazi. Vibanda vyetu viko barazani, wateja wamekaa kwenye benchi, wapita njia wanasalimia. Usizisome namba kwa sauti. Ziandike kimya kwenye daftari. Usimwite mtoto kibonge, hata kwa mapenzi, wala usitoe mshangao futi inapozunguka. Na wewe mama, tafadhali, usiseme "huyu kazidi kula" wakati mwanao amesimama kanyanyua mikono mbele ya watu. Anasikia, na safari ijayo atakataa kuja kupimwa, utarudi kwenye kukisia. Mambo ya uzito yana waganga wake hospitalini, na ni vizuri kuwaona. Ila asubuhi mtoto anakwenda shule, na nguo ya kubana "ili apungue" haijampunguza mtoto yeyote niliyemshonea. Imemfanya akae kando wenzake wakicheza.

Nikija kwenye kukata, shati au blauzi naanza na patani, ile karatasi ya kukatia, inayomkaa mabegani na shingoni, hata ikiwa ni ya watoto wembamba. Upande wa mbele naichana kutoka pindoni kwenda juu hadi karibu na bega, bila kuitenganisha kabisa, kisha naifungua chini kwa kiasi ninachotaka. Bega linabaki lilivyo, upana unaingia tumboni. Kwa ule urefu wa mbele naichana tena kwa mlalo, kutoka katikati ya kifua kwenda ubavuni, naifungua kidogo, naweka karatasi chini na kuibandika. Mgongoni naweka rinda moja katikati, chini ya kile kipande cha mabegani, ili akinyoosha mikono mbele shati lisimvute. Juu ya kipimo cha mwili naacha inchi 3 au 4 za kupumulia kwenye mzunguko. Zikizidi hapo tumerudi kwenye gunia.

Mafundi vijana nikiwaeleza haya wanadhani nimeyatoa kwenye mitindo ya nje. Nawaambia waitazame kanzu. Badani, yaani vipande vikubwa vya mbele na nyuma, zinashuka wima kutoka begani, kwa upana wa bega. Upana wa chini unaletwa na taharizi, vile vipande vinavyoshonwa ubavuni, vyembamba juu na vipana chini. Kwapani kuna kikwapa, kipande kidogo kinachomwezesha mvaaji kunyanyua mkono bila kanzu nzima kupanda naye. Mafundi wetu wa pwani walishalimaliza jambo hili zamani: bega ni la bega, tumbo ni la ubavuni, mkono una kipande chake. Ukimshonea mtoto mnene kanzu ya Maulidi, badani ikate kwa mabega yake, taharizi zianze kupanuka mapema zaidi, kuanzia usawa wa kifua, na kikwapa kiwe kikubwa kuliko kawaida. Mimi kikwapa nimekihamishia hata kwenye mashati ya shule na blauzi za wasichana. Hakionekani, na kinatosha kumaliza ugomvi wa mkono unaobana.

Kaptula ndiyo inayoniumiza moyo zaidi, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Fundi akiona tumbo anashusha msamba, akidhani ameongeza nafasi. Msamba ukishuka, mtoto akipiga hatua kaptula yote inavutwa, mapaja yanasuguana na kitambaa, na kwa joto letu la kaskazi anarudi nyumbani amechubuka. Nafasi iongezwe kwa juu, mbele, ili kiuno cha kaptula kipite juu ya tumbo au kitulie pale lastiki ilipotuonyesha. Iongezwe pia ndani ya paja, na hapo naweka kipande cha pembe nne msambani, mishono isikutane yote mahali pamoja. Mbele kiunoni naacha bapa, na zipu na kifungo kama kaptula za wenzake, lastiki naiweka nyuma tu, kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa mbele anaonekana amevaa kaptula kama ya mtoto mwingine yeyote, na akikaa nyuma inafunguka. Kwa sababu kaptula za watoto hawa huliwa mapema ndani ya mapaja, natia kiraka cha ndani ingali mpya, kitambaa kile kile. Taiti fupi ya pamba ndani yake inamkinga na michubuko, msichana na mvulana.

Sketi ya marinda ina shida yake: marinda yaliyohesabiwa kwa kiuno yakifika tumboni yanaachama. Yahesabu kwa mzunguko wa tumbo na nyonga, ule mkubwa, halafu kinachozidi kiunoni ukimeze ndani ya marinda yenyewe kwa kuyafinya juu. Kama shule inaruhusu, rinda boksi mbili mbele na nyingine nyuma zinakaa vizuri kuliko marinda madogo madogo. Urefu pima mbele na nyuma mbalimbali, kama nilivyosema kwenye gauni, na ile ziada ya mbele iongeze kiunoni, pindo libaki sawa.

Kitambaa kinahitaji maneno machache. Tanga kuna joto na unyevu, na mtoto mnene anatoka jasho kwenye mikunjo ya mwili. Tetroni tupu hainywi jasho hilo. Tafuta pamba au mchanganyiko wenye pamba ya kutosha, na pamba iloweke na uianike kabla ya kukata, maana ikiruka, yaani ikipungua, baada ya kushonwa inchi zote ulizoziacha zimekwenda. Vitambaa vinavyovutika wengi wanavikimbilia kwa sababu "vinaingia tu", lakini vyepesi vinashika kila mkunjo na mtoto anaanza kujifunika kwa begi.

Rangi je? Wazazi wengi wananiletea nyeusi na buluu iliyokoza, wanataka mtoto aonekane mdogo. Mimi siungi mkono. Msichana wa miaka 8 anataka njano ya Idi kama binamu zake, na ikikatwa vizuri inampendeza. Cha kuangalia ni picha kwenye kitambaa. Ukikata gauni la khanga, ule mji wa katikati usiuache utue juu ya tumbo. Upeleke mgongoni au uugawe, na pindo la khanga litumie kwenye pindo la gauni. Kitenge chenye maua makubwa nacho kipange kabla ya mkasi, ua moja kubwa lisikae kitovuni. Nunua nusu mita ya ziada kwa ajili ya kupanga huko, na mwulize fundi bei kabla, maana kazi ya namna hii inachukua muda zaidi na ni haki yake kulipwa.

Kwa mtoto ambaye sijawahi kumshonea, kwanza nakata kwa merikani ya bei rahisi, nashona kwa mshono mrefu wa kufumuka, namvika. Simkagui akiwa amesimama wima kama askari. Namwambia achutame, akae chini kwenye mkeka miguu ameikunja kama chuoni, anyooshe mikono juu, arukuu, asujudu. Shati likitoka mgongoni anaposujudu, nyuma ni fupi au kwapa linavuta. Kiuno kikimkata anapochutama, lastiki ya nyuma haitoshi. Halafu namwuliza yeye mwenyewe inambana wapi. Watoto wanajua, wengi hawajawahi kuulizwa, ndiyo maana mara ya kwanza wanamtazama mama kabla ya kujibu. Subiri ajibu yeye.

Mzazi, siku ya kuchukua nguo igeuze ndani uitazame. Fundi akiwa amepitisha ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, mpaka karibu na mshono, kisu cha mashine kimekata akiba yote, na ikifika Juni hakuna cha kufumua. Mwambie kabla hajakata: inchi 1 ubavuni na nyuma ya kiuno, inchi 3 kwenye pindo, na ovaloki ipite ukingoni kabisa mwa kitambaa. Omba pia mabaki ya kitambaa urudi nayo nyumbani, uyafue pamoja na sare yenyewe. Siku fundi akitaka kuongeza kipande ubavuni, bluu ya jora jipya haitafanana na bluu iliyokwisha kufuliwa.