Umechaguliwa chuo cha sanaa na unataka kuchekesha? Soma hapa kwanza

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, anasema kaka nimepata nafasi chuo cha sanaa, mtaani wananijua kwa vichekesho, ila naogopa walimu wataniulia kipaji. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu mpaka nikaona bora niliweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnaitaka steji kama nilivyoitaka mimi.

Dogo, kipaji hakifi kwa mwalimu bana. Zinazokufa ni mbwembwe. Mi nlienda nazo kibao, kukodoa macho, suruali imepandishwa mpaka kifuani, sauti ya kibabu. Mwaka wa kwanza naupita, ni nadharia na mazoezi ya pumzi, utayakuta hukohuko.

Mwaka wa pili tukapewa mchezo wa Gogol, yule mwandishi Mrusi, unaitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ulichezwa mara ya kwanza Urusi 1836, tafsiri ya Kiswahili ipo tangu 1979, ila ukiusoma utadhani jamaa kakaa halmashauri ya kwenu. Wakubwa wa mji mdogo wamesikia mkaguzi anakuja kimyakimya, basi wakamdhania ndo huyu kijana Khlestakov, kumbe ni karani wa chini tu, hela kaliwa kwenye karata, yuko hotelini na mwenye hoteli kagoma kumpa chakula mpaka alipe deni.

Darasa zima tulimtaka Khlestakov. Mi nlishamkariri kabla hata ya kugawiwa nafasi. Mwalimu mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua) akampa kipenzi chake, mimi akanipa Bobchinsky, kijibwana kifupi chenye kitambi na umbea, halafu akasema mbele ya watu kwamba uso wangu ni wa pembeni, sio wa katikati. Miaka imepita na nimeshalipwa kwa huu uso, lakini ile kauli bado ipo hapa kooni.

Sasa sikiliza. Kuna tukio Meya anaingia chumbani kwa Khlestakov. Meya anatetemeka kwa kudhani huyu ni mkaguzi, na kijana nae anatetemeka kwa kudhani Meya kaja kumpeleka jela kwa lile deni. Wenzangu walilicheza kwa kubinua midomo na kugonganisha magoti, darasa kimyaa. Mama mmoja aliyekuwa anatufundisha uigizaji akawasimamisha, akawaambia hakuna kichekesho humu, kuna watu wawili wanaogopa, ogopeni basi. Wakarudia bila mbwembwe hata moja, yaani watu tuliishiwa nguvu kwa kucheka. Baadae nikakuta Gogol mwenyewe aliwaachia waigizaji maneno hayohayo, kwamba mwigizaji kadiri anavyopunguza kuwaza kuchekesha ndivyo uchekeshaji wa nafasi yake unavyojitokeza.

Bobchinsky kwenye tukio hilo yuko nje anasikiliza mlangoni, mara mlango unang'oka na yeye anaanguka ndani pamoja nao. Tulikua na mlango wa plaiwudi, pini za bawaba zinachomoka, chini godoro jembamba. Mwanzoni nilikua naruka, na mtu akiruka anaonekana karuka. Mama akanambia usianguke, wewe sikiliza tu umbea. Akawaambia wa ndani washushe sauti, basi na mimi nikazidi kuegemea, sikio, bega, mwili mzima, nataka kujua wanasema nini, jamaa akachomoa pini bila kunishtua. Nilifika chini bado nasikiliza! Halafu Bobchinsky anaulizwa kama kaumia, anajibu wala, ni kinundu tu hapa juu ya pua. Nikaambiwa hiyo nisiilie, niiseme kwa adabu zote, kama vile mimi ndo mwenye hoteli. Siku ya onyesho Meya ilibidi asubiri ukumbi utulie ndo aendelee. Mwenye Khlestakov yake msinifanye niseme.

Kwahiyo acheni kulilia nafasi kubwa. Wadogo zangu mna haraka sana, mnataka jina kabla ya kujua kuegemea mlango. Fanya mazoezi. Kuwa mnyenyekevu. Fanya mazoezi tena.

Na msiidharau impruvu, yaani kuigiza bila skripti, sijui ni mambo ya Wazungu. Vikundi vyetu vya sanaa, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), vilicheza michezo hivyohivyo, wanapanga kisa na nani anaingia lini, maneno wanakutana nayo jukwaani. Chuoni tulifanya sana zoezi la karata, kila mtu anabandikwa ya kwake kwenye paji la uso bila kuiona, mfalme juu mbili chini, unajijua cheo kwa jinsi wenzio wanavyokuamkia. Ila mama wa yote ni kukubali kila unachopewa. Mwenzio akikwambia shemeji, mbuzi wako kala vyeti vyangu, usijibu mimi sina mbuzi, hapo umeshaua. Mi nilijibu ndiyo shemeji, na ameshaitwa intavyu benki. Akaniuliza alivaa nini, nikamwambia suti yako ile ya harusi, tukaenda nayo hivohivo mpaka mbuzi akawa meneja wa tawi na shemeji yuko nje kwenye foleni anamsubiri amsainie mkopo.