Waliozoea viti vya Bunge: maswali yenu wiki hii

Wiki iliyopita niliandika kwa mstari mmoja tu kwamba watu wa Mombasa hawana subira na wabunge. Simu haikupumzika. Haya, tujibizane.

"Barazani tumebishana hadi kahawa ikapoa. Mzee mmoja asema hakuna Mkenya aliyekaa Bungeni kumshinda Shariff Nassir. Kijana asema ni Moi. Nani mkweli?" (Majengo)

Wote wawili wamekosa, na muuza kahawa alipwe. Ni Mwai Kibaki. Aliingia 1963, akatoka 2013, miaka 50, kwanza kwa kiti cha Nairobi, kisha Othaya kuanzia 1974. Kwa Katiba ya zamani rais naye alikuwa na eneo bunge lake, ndiyo maana miaka yake ya Ikulu imo kwenye hesabu. Moi alimtangulia kuingia, mwaka 1955, enzi za Baraza la Kutunga Sheria la mkoloni, akaondoka 2002. Hiyo ni 47.

Lakini msimcheke mzee. Kwa hapa mjini ana hoja nzito: Nassir alichaguliwa 1974 na hakutoka mpaka Najib Balala alipomwangusha katika eneo bunge la Mvita mwaka 2002. Miaka 28! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alioingia, alipotoka alikuwa keshaoa na pengine ana mtoto wake wa kupeleka chuoni.

"Kwa nini Kisauni twabadilisha wabunge kama kanga za sikukuu, na wenzetu wa Changamwe wametulia?" (Bamburi)

Swali zuri hili, nimelihesabu kwa vidole. Tangu uchaguzi wa 1997 Changamwe imekuwa na wabunge wawili tu: Ramadhan Kajembe mpaka 2013, kisha Omar Mwinyi. Kisauni katika muda huohuo: Karisa Maitha, Anania Mwaboza, Hassan Joho, Rashid Bedzimba, Ali Mbogo, halafu Bedzimba tena. Watu watano, kiti kimoja.

Ila kabla hujawasema wapiga kura wa kwenu, tazama vizuri. Maitha alifariki 2004 akiwa bado mbunge, ndipo Mwaboza akapita kwa uchaguzi mdogo. Joho naye hakufukuzwa, aliacha mwenyewe 2013 akenda kuutafuta ugavana. Toa hao wawili, utaona hasira za Kisauni si kali kama zinavyosimuliwa. Na Bedzimba mlimtoa 2017 mkamrudisha 2022. Hiyo mimi naiita kumpa mtu likizo.

Jomvu wana rekodi nyingine kabisa. Eneo bunge lao lilizaliwa kwa uchaguzi wa 2013, na hawajawahi kuwa na mbunge mwengine ila Badi Twalib.

"Rais mihula miwili, gavana mihula miwili. Mbunge je?" (Tudor)

Hana kikomo. Katiba ya 2010 iliwafunga rais na gavana, ikamwacha mbunge na mwakilishi wadi wagombee mpaka wachoke wao au mchoke nyinyi. Binafsi sioni ubaya. Gavana ana hazina mkononi. Mbunge ana sauti na kura moja.

"Wangu simtaki. Naweza kumtoa kabla ya miaka mitano?" (hakutaja mtaa, nami namuelewa)

Kwenye karatasi, ndiyo. Ibara ya 104 ya Katiba inakupa haki hiyo. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ndiyo iliyokuja na kufuli zake: miezi 24 ya mwanzo haguswi, miezi 12 ya mwisho haguswi, na hapo katikati mtafute sahihi za asilimia 30 ya waliosajiliwa eneo bunge zima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikavifuta baadhi ya vifungu vyake. Mpaka leo hakuna mbunge wa Kenya aliyerudishwa nyumbani kwa njia hii. Hifadhi kalamu yako ya uchaguzi wa Agosti.

"Mbunge wetu ni wa siku nyingi lakini sijawahi kumsikia kwenye televisheni. Anafanya nini huko?" (Likoni)

Televisheni isikudanganye. Kazi kubwa ya Bunge hufanyika kwenye kamati, huko wanakokaguliwa mawaziri na vitabu vya hesabu, na aliyezijua Kanuni za Kudumu, zile zinazoongoza mijadala, miaka kumi anaweza kuukwamisha mswada kwa hoja moja ya nidhamu huku mgeni bado anatafuta kiti chake. Hiyo ndiyo faida ya ukongwe, kama ipo.

Njia ya kujua kama ipo ni Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yote yasemwayo Bungeni. Juzi nikiwa kwenye foleni ya feri nilimtafuta humo mheshimiwa mmoja, simtaji, nikasoma michango yake ya mwaka mzima. Sikuwa nimefika ng'ambo nishamaliza. Mingi ilikuwa: "Asante Mheshimiwa Spika, naunga mkono." Lakini mtaani anasifiwa, kwa sababu ya basari, msaada wa karo. Namuelewa mama aliyeshika fomu ya mwanawe iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi. Kwake yeye mbunge ni mhuri ule. Tangu CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ianze 2003 tumezoea kumpima mtu wa kutunga sheria kwa madarasa aliyojenga. Zamani alipimwa kwa alichotoa kwenye harambee. Hansadi haikusomwa wakati ule wala huu.

Na akisingizia Kiingereza, mkatalie. Kiswahili kinatumika Bungeni tangu 1974.

"Si viti vimekuwa vya urithi tu?" (Kizingo)

Huko Marekani, jimbo la Michigan, John Dingell alichukua kiti cha marehemu babake 1955, akakikalia miaka 59, akampisha mkewe. Huo ndio urithi. Abdulswamad Nassir, mwana wa Shariff Nassir, alipoipata Mvita 2013, kiti kilikuwa kimetoka mikononi mwa babake miaka 11, kwa Balala, na ilimbidi aombe kura mlango kwa mlango. Jina lilimsaidia, sikatai.

Na aliyeuliza kama mimi nakitaka kiti: hapana, mgongo hauniruhusu.