Galaksi ziko ngapi, na sisi tupo wapi? Maswali yenu wana Mwanza

Mwanafunzi, Ilemela: Nimesoma galaksi ziko trilioni 2, kwingine wanasema bilioni 100 na kitu. Nishike ipi?

Mdogo wangu, galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, na hakuna aliyezihesabu zote. Mwaka 2003 na 2004 teleskopu ya Hubble, ile inayozunguka Dunia huko juu, ilikodolea kipande cha anga ambacho upana wake ni kama sehemu ya kumi tu ya upana wa mwezi mpevu, kwa macho ni giza tupu, humo zikaonekana galaksi kama 10,000, sasa anga nzima ina vipande vya hivyo karibu milioni 13 kwa hiyo unazidisha tu, kama unavyohesabu dagaa wa sado moja ukakadiria gunia. Ndo ikaja hiyo bilioni 100 na kitu. Trilioni 2 ni ya 2016, watafiti walijumlisha kwa hesabu na zile hafifu ambazo Hubble haizioni. Ila 2021 yakatoka matokeo ya chombo cha anga cha New Horizons, ambacho kikiwa kimeshaipita Pluto kilipima weusi wa anga, na mwanga uliopatikana ni mdogo kuliko ambao galaksi trilioni 2 zingetoa. Mi nashika mamia ya bilioni.

Mama muuza samaki, Kirumba: Dunia ipo katikati?

Hapana mama. Jua letu lipo pembeni huku, miaka ya nuru kama 26,000 kutoka kitovu cha galaksi yetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwezi wa 6 mpaka wa 8 tazama karibu na mkia wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, pale ule mkanda mweupe unaponenepa, kitovu kipo upande huo. Na ulimwengu wenyewe hauna katikati, ukikaa galaksi yoyote utaona zile za mbali zinakukimbia.

Bodaboda, Igoma: Huko kuna watu?

Ushahidi hakuna bado kaka. Sayari zaidi ya 5,000 zimethibitishwa nje ya mfumo wa Jua, ila ni za galaksi hii hii yetu.

Mvuvi wa dagaa, Ukerewe: Bila teleskopu naweza kuona galaksi nyingine?

Unaweza kabisa, tena wewe una nafasi kuliko sisi wa mjini, maana mnaingia ziwani siku za giza. Kabla hamjawasha taa acha macho yazoee kama dakika 20. Novemba saa 4 usiku, mawingu yakikatika, tazama kaskazini, kuna kidoa kama moshi, hiyo ni Andromeda, mwanga unaouona umesafiri miaka milioni 2.5 na ulipoondoka binadamu kama sisi hawajakuwepo, yaani mi hii kitu huwa inanishika kweli. Januari saa hizo hizo geukia kusini, chini chini, utaona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, miaka ya nuru kama 160,000. Ulaya hawalioni hilo wingu, sisi huku karibu na ikweta tunapata zote mbili, kwa hiyo waonyeshe na vijana wa mtumbwini.