Usianze na ya Will Smith, mkuu

Hapana mkuu, usifanye hivyo. Umesema filamu zote tatu umeshazipakua, unataka kuanza na I Am Legend ya 2007, hiyo ya Will Smith, urudi kwenye The Omega Man ya 1971, umalizie The Last Man on Earth ya 1964, halafu kitabu cha Richard Matheson zilikotoka zote tatu, nacho kinaitwa I Am Legend, utakisoma ukipata nafasi. Mpangilio huohuo ndio ulioniharibia kitabu, na kitabu cha namna hii mtu anakisoma kwa mara ya kwanza mara moja tu.

Kuna jamaa tuliyekuwa tukibadilishana filamu aliniambia ya Will Smith ni kitabu kilekile, wamehamisha mji tu. Mpaka leo nina hasira naye. Hajafungua hata ukurasa mmoja, halafu anakuhakikishia kilichomo! Na humu kwenye uzi naona wawili watatu wanakwambia "utaokoa muda". Jamani, kama hujasoma, nyamaza.

Hawakuhamisha mji tu. Kitabu ni cha 1954, mambo yanatokea Los Angeles kuanzia Januari 1976, na Robert Neville, aliyebaki mzima peke yake baada ya ugonjwa kuwageuza wengine wanyonya damu, ni mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani. Hana cheo cha jeshi wala shahada ya virusi. Amebaki kwenye nyumba yake ileile, ameipigilia mbao na kuining'inizia vitunguu saumu, na kila usiku Ben Cortman, jirani aliyekuwa akifanya naye kazi, anasimama nje anamwita kwa jina atoke. Anaongea! Wanyonya damu wa Matheson wanaongea, na wengine Neville aliwafahamu wakiwa wazima. Mchana wakilala, yeye anapita nyumba kwa nyumba na vigingi vyake, anawachoma mmoja mmoja. Hilo la mchana liweke akilini, sitaongeza neno.

Sasa njoo 2007. Tuko New York, Neville ni luteni kanali na mtaalamu wa virusi, ugonjwa umetokana na kirusi cha surua kilichogeuzwa ili kitibu saratani, na viumbe wenyewe ni wa kompyuta, kazi yao kunguruma. Ukishawaona hivyo, basi. Ukija kusoma, Cortman anaongea kwenye karatasi lakini kichwani mwako ananguruma. Mimi nilifika ukurasa wa mwisho nikiwa bado nimesimama upande ule filamu iliponiweka, na sentensi ya mwisho, ambayo ndani yake ndimo limo jina la kitabu, ikanipita. Ikabidi nielezwe na mtu mwingine maana yake! Mwandishi ameijenga sentensi hiyo tangu mwanzo, ameilinda mpaka dakika ya mwisho, halafu msomaji anakuja kuelezwa pembeni. Hiyo hasara hairudishwi kwa kusoma tena. Nimerudia kitabu, nimekielewa, nimekipenda sana, lakini lile pigo sikulipata.

Filamu yenyewe imelipa jina maana yake nyingine: Neville anajilipua kwa guruneti ili dawa iwafikie manusura wa Vermont, na hiyo ndiyo inayomfanya akumbukwe. Walipiga pia mwisho mwingine, ukatoka kwenye DVD, na huo unasogelea kitabu. Ndiyo maana huo hasa usiuone mapema.

Chukua mbwa. Kwenye filamu Sam ni rafiki tayari, anaoga bafuni, anakula mezani, na kifo chake kinamliza kila mtu. Kwenye kitabu ni mbwa wa mtaani, mwoga, na Neville anamwekea nyama na maziwa nje siku baada ya siku, anasogea hatua, mbwa anakimbia, anaanza upya. Hatimaye anamshika, anamfunika blanketi, anambembeleza. Halafu Matheson anakwambia kwa sentensi moja fupi kwamba wiki moja baadaye mbwa amekufa. Sura imeisha. Nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Ya 1964, ya Vincent Price, iliyopigwa Roma, ndiyo iliyo karibu zaidi. Matheson alishiriki kuandika muswada wake, hakuridhika, akatumia jina la bandia, Logan Swanson. Ya 1971 ya Charlton Heston imewatoa kabisa wanyonya damu, ikaleta kundi la wavaa majoho wanaochukia mashine. Na zote tatu zimemfanya shujaa kuwa mwanasayansi! Wa kitabuni anakwenda maktaba kubeba vitabu vya damu na bakteria, anatafuta hadubini, anajifundisha kuitumia peke yake, anakosea, anakunywa pombe, anarudia. Hapo ndipo upweke wake ulipo, na filamu zimemtunuku shahada ili zisipite njia hiyo.

Kitabu ni chembamba, wikiendi moja kinaisha. Kisome mpaka neno la mwisho ndipo uguse filamu yoyote. Ukimaliza njoo hapa useme ulikuwa upande wa nani.