Kombi iliyoliwa na kutu: hakuna dawa ya chupa inayorudisha bati

SWALI: Nimenunua hapa Tanga Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, ile yenye kitanda na jiko ndani, ambayo ilisimama nje karibu na bahari kwa miaka mingi. Vizingiti vya chini ya milango vimetoboka, sakafu ya mbele upande wa dereva inaonyesha ardhi, na mfereji wa maji unaozunguka paa umevimba na kupasuka. Nina nafasi uani na mashine ya kuchomelea ya vijiti. Fundi mmoja amenishauri nipake dawa ya kugeuza kutu, niweke faiba juu yake, kisha nimalizie kwa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi, na lami chini. Anasema kazi itakwisha kwa wiki moja. Je, dawa ipi ni bora, na je, itatosha ikiwa nitakwenda safari za mwendo wa polepole tu?

JIBU: Ndugu msomaji, swali la dawa ipi ni bora ndilo ninaloletewa kuliko mengine yote, na karibu kila mara anayeliuliza ana gari ambalo bati lake limekwisha kutoboka. Kutu haikai juu ya bati kama uchafu unaokaa juu ya sahani. Kutu ni bati lenyewe lililogeuka kuwa kitu kingine, na kila unachokikwangua kikaanguka chini kilikuwa sehemu ya unene wa gari lako. Dawa nyingi zinazouzwa zina asidi ya fosforiki au tanini, na kazi yake halisi ni kugeuza tabaka jembamba la kutu lililobaki juu ya chuma kizima liwe ngozi nyeusi inayoshika rangi. Kwa kazi hiyo ni nzuri, nami ninaitumia. Lakini penye tundu haina cha kushika, na penye mabati mawili yaliyounganishwa bega kwa bega haiingii, ilhali hapo katikati ndipo kutu ilipozaliwa. Kwa gari lililokaa pwani liko tatizo jingine: chumvi imejificha ndani ya vishimo vya chuma, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Ukiifunika bila kuiosha kwa maji mengi yasiyo na chumvi na kulikausha bati vizuri, kutu itaendelea na kazi yake chini ya rangi mpya.

Swali lako la pili, la mwendo wa polepole, linanitia wasiwasi zaidi. Volkswagen ndogo ya Beetle ina bodi iliyofungwa kwa bolti juu ya sakafu yake, na ukifungua bolti hizo bodi nzima inanyanyuka. Kombi haikutengenezwa hivyo. Bodi na chasisi yake vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja, na mzigo wa watu, kitanda, jiko na tangi la maji hubebwa na vyote kwa pamoja. Kizingiti unachokiona kwa nje ni bati la mwisho tu. Nyuma yake lipo bati la kuimarisha, na nyuma ya hilo lipo bati la ndani linaloshikana na sakafu na vile vyuma vinavyotoka ubavuni mwa chasisi. Tundu likionekana nje, jua kwamba mabati ya ndani yaliharibika zamani, kwa sababu maji hukusanyika huko na kuozesha kuanzia ndani kwenda nje. Faiba iliyobandikwa juu ya kutu haishikani na chuma kizima, hutanuka kwa joto tofauti na chuma, na huacha mwanya mwembamba ambao maji huingia na hayatoki. Weka jeki chini ya kizingiti cha namna hiyo na utaiona ikipenya hadi ndani. Sasa fikiri kwamba gari la upande wa pili limekugonga ubavuni. Mwendo wako wa polepole hautakusaidia kitu, kwa sababu mwendo wa yule mwingine si wako kuuamua.

Kwa hiyo lazima ukate hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa na chenye unene wake, kisha uchomelee bati jipya. Unaweza kuifanya kazi hii nyumbani, ila haitaki haraka. Kabla ya kugusa grainda, simamisha gari mahali tambarare na uliegemeze kwenye stendi madhubuti chini ya chasisi nzima, si chini ya sehemu iliyooza. Kisha chomelea vyuma vya muda ndani ya mwanya wa kila mlango, kimoja cha kulala na kimoja cha mshazari, ili bodi isilegee. Pima mwanya unaozunguka mlango wa dereva na ule mlango wa kuteleza, uandike vipimo kwa chaki palepale kwenye bodi. Kata upande mmoja tu, umalize kuujenga, ndipo uende wa pili. Wapo waliokata vizingiti vya pande zote mbili kwa siku moja, gari likashuka katikati kiasi kidogo ambacho jicho halikukiona, na tangu hapo mlango wa kuteleza haujawahi kufunga. Kulirudisha gari hilo ni kazi kubwa kuliko kutu yenyewe. Mlango ujaribiwe kila baada ya bati kushikizwa kwa nukta chache, kabla ya kuchomelea moja kwa moja.

Mashine yako ya vijiti iache kwa ajili ya mageti. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita moja au pungufu, na kijiti cha milimita 2.5 kitalitoboa kabla hujajenga chochote. Tafuta mashine ya kuazima au kukodi, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, uweke waya wa milimita 0.6, uchomelee nukta moja hapa na nyingine mbali, ukiliacha bati lipoe kila mara. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo, bati litajikunja. Tangi la petroli la Kombi liko nyuma, juu ya giaboksi na mbele ya injini, kwa hiyo litoe kabisa na ulipeleke mbali, hata kama unachomelea mbele. Usilione tupu ukadhani ni salama, kwani mvuke wa petroli ni hatari kuliko petroli yenyewe. Ondoa betri, mazulia na sponji za viti. Tena usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukalichomelea, kwa maana joto la kuchomelea linaweza kuigeuza kuwa gesi ya fosjini, nayo inaua.

Mfereji wa paa ndio utakaokuchosha. Umevimba kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo inayasukuma mabati mawili yaachane, na hakuna nyundo itakayoyarudisha. Kata vipande vifupi vifupi, ubadilishe kimoja baada ya kingine, la sivyo paa litapoteza umbo lake. Sakafu ya mbele ni rahisi zaidi, lakini kabla ya kuibadilisha angalia raba ya kioo cha mbele, kwa kuwa mara nyingi maji yaliyoiozesha yaliingia kwa juu, na bati jipya litaoza vilevile usipoibadilisha raba hiyo.

Baada ya kuchomelea, praima ya epoksi itangulie moja kwa moja juu ya chuma safi, kisha gundi ya kuziba maungio, kisha puti ikihitajika, nayo isizidi milimita 2 au 3. Puti ya kawaida hunywa maji, ndiyo maana haipaswi kugusa chuma kitupu. Ndani ya vizingiti nyunyiza nta ya mashimo, yaani nta ya kukinga kutu mahali mkono usipofika, kwa mpira mrefu, na uhakikishe matundu ya kutolea maji yamebaki wazi. Rangi nyingi za kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuigandisha rangi, zina isosianati, kemikali zinazodhuru mapafu, ambazo kitambaa cha puani hakizizuii kabisa. Kazi hiyo mpe mwenye chumba cha kupulizia na kinyago cha kuletewa hewa.

Huyo aliyekuahidi wiki moja si wa pekee, na ndiyo sababu jibu langu limekuwa refu. Wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari na kuiita kinga, kumbe ina masalia ya mwako yenye asidi, inalainisha raba, inadhuru ngozi, na inafanya uchomeleaji wa baadaye kuwa mchafu na wa kuogofya kwa moto. Wapo wanaopaka lami juu ya kutu. Lami hukauka, hupasuka, na maji yaliyoingia kwenye ufa hukaa humo miezi bila mtu kuona chochote. Wapo hata wanaosafisha bodi kwa kuipiga mchanga wa ufukweni. Mchanga huo una chumvi, vumbi la mchanga wowote wenye silika huharibu mapafu bila tiba, na mapigo yake hupindisha bati pana la ubavuni. Wote hawa hulipwa siku ile rangi inapong'aa, na hakuna hata mmoja anayekuwapo kizingiti kinapokatika.

Kazi zao hizo ndizo zinazofika sokoni. Kombi za kizazi hiki, zilizoundwa Ujerumani kati ya 1967 na 1979, zinatafutwa na watu wa harusi na wa utalii, na kadiri bei zinavyopanda ndivyo puti inavyozidi kuwa nene. Yeyote anayetaka kununua aende na sumaku ndogo, tochi na bisibisi ya bapa. Sumaku isiposhika kizingiti, hapo hakuna chuma cha maana. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu ya mlango ukishuka, usikilize mlio unapobadilika kuwa mzito na butu. Lala chini, umulike vyuma vinavyotoka ubavuni mwa chasisi na sehemu za kuwekea jeki, na ukikuta lami mbichi inayonukia kwenye gari la miaka hamsini, omba ruhusa ya kuikwangua mahali pawili au patatu. Mwenye gari zima atakuazima hata bisibisi yake. Anayekataa usimpe hata malipo ya awali, hata kama ameshusha bei mara mbili mkiwa mmesimama hapo hapo.