Mnaoanza kununua beji za zamani za jeshi, geuzeni nyuma kwanza

Wadogo zangu mnaozunguka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na kwa wauza skrepa mkitafuta beji na medali za zamani, hela yangu ya kwanza kwenye hii kazi iliniuma kweli. Mzee mmoja kanipa stori ya babu yake kupigana vita ya 1914, beji ya kofia ya Waingereza iko mkononi inang'aa, nikalipa. Nyumbani ndo nikaliangalia lile taji. Taji la enzi za wafalme, 1901 mpaka 1952, juu ni kama kuba, la Malkia Elizabeth katikati pamebonyea, na langu lilikuwa limebonyea, yani hata ingekuwa orijino, mwaka 1914 ilikuwa haijatengenezwa. Na siku hizi kuba peke yake halitoshi maana Mfalme Charles kalirudisha tangu 2022.

Huku kwetu stori zinaaminika kirahisi kwa sababu vita ilipita kweli, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn, ndo Mbala ya leo hapo Zambia ng'ambo ya Tunduma, tarehe 25 Novemba 1918, na babu zetu walikuwa pande zote mbili, maaskari na wapagazi. Kitu halali kinaweza kutoka kwenye sanduku la bibi Tukuyu. Sawa, ila sikiliza huku umeshageuza beji.

Beji nyingi za askari wa kawaida ziligongwa kwa mhuri wa chuma kwenye bati la brasi, kwa hiyo mgongoni unaona picha ileile imeingia ndani, na kingo zimekatika safi. Ya kumimina kwenye kalibu mara nyingi mgongo ni bapa, ina vitobo vidogovidogo, herufi zimefifia kama sabuni iliyotumika, pembeni alama za tupa, na inakuwa ndogo kidogo kwa sababu madini yakipoa yanasinyaa, hapo vernia, kile kifaa cha kupimia milimita, inaona kuliko macho. Lakini msizitupe zote za kumimina, wakati wa vita mafundi wa India na Misri waliwatengenezea askari hivyohivyo na hizo ni za kweli kabisa.

Zinazonisumbua mpaka leo ni zilizogongwa upya kwa mhuri uleule wa zamani, mbele hazina kosa. Angalia uchakavu. Askari alisugua beji yake karibu kila siku, sehemu zilizoinuka zinalainika na dawa ya kusugulia inakauka kwenye mifereji. Ukijani uliotapakaa sawasawa, ukipitisha kidole unatoka, hiyo kuna mtu kailoweka. Jina la kiwanda nyuma lisikutulize, J.R. Gaunt linagongwa hata kwenye feki. Sumaku tembea nayo, brasi haishiki.

Medali ya fedha ya Waingereza ya 1914 mpaka 1920 ina upana wa milimita 36 na kwenye ukingo kuna namba, cheo, jina na kikosi. Ikipungua upana ujue jina la mwanzo limesagwa likaandikwa lingine. Ukipata yenye jina la askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) usiisugue, na kabla ya kutoa hela uliza kama ndugu wote wanajua inauzwa. Mimi moja niliirudisha, binti wa yule askari alikuwa bado hai.