Kuandaa mtoano wa kikapu wa shule za sekondari Marekani: mambo ya kujua unapoanza

Ukipewa kituo cha mtoano kwa mara ya kwanza, anza kwa kujua nani anaamua nini. Mtoano wa shule Marekani haumtoi bingwa wa taifa. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, na chama hicho ndicho kinachopanga madaraja, kalenda na vigezo vya kufuzu. NFHS, shirikisho la vyama hivyo, huandika kitabu cha sheria za mchezo lakini haliendeshi mtoano. Kwa hiyo usichukue utaratibu wa jimbo jirani ukadhani ni wako.

Madaraja hutegemea zaidi idadi ya wanafunzi, ili shule ya wanafunzi 200 isikutane na ya 2,000. Indiana ilikataa jambo hilo kwa muda mrefu: hadi 1997 shule zote zilikuwa kwenye mtoano mmoja. Mwaka 1954 Milan, shule ndogo ya kijijini, iliifunga Muncie Central 32 kwa 30 kwenye fainali, na hadi leo mechi hiyo hutajwa kila mjadala wa madaraja unapofufuka.

Sasa jedwali la nani anacheza na nani. Ukifungwa unatoka, hivyo idadi ya mechi ni idadi ya timu ukitoa moja. Timu 23, mechi 22. Penye shida ni raundi ya kwanza. Tafuta namba inayofuata katika mfululizo wa 8, 16, 32. Kwa timu 23 ni 32. Toa 23 kwenye 32, unapata 9. Timu 9 za juu zinapita raundi ya kwanza bila kucheza, 14 zilizobaki zinacheza mechi 7, na washindi wakiungana na wale 9 mnakuwa 16 kamili. Wageni wengi huanza kwa kuzipanga timu mbilimbili na kumpitisha yule aliyebaki peke yake. Fuatilia uone: 23 zinakuwa 12, 12 zinakuwa 6, 6 zinakuwa 3, na huwezi kucheza nusu fainali ya timu tatu.

Kwa timu 16 zilizopewa namba kwa ubora, 1 ikiwa bora kuliko zote, nusu ya juu huwa 1 na 16, 8 na 9, 5 na 12, 4 na 13. Nusu ya chini 3 na 14, 6 na 11, 7 na 10, 2 na 15. Kuna njia nyepesi ya kujikagua: kila jozi ya raundi ya kwanza ijumlishe 17. Ukiwapitisha wenye namba ndogo, jozi za robo fainali zijumlishe 9, za nusu fainali 5, na fainali 3. Jumla ikikataa mahali, kuna timu umeiweka upande usio wake.

Namba hizo hutoka wapi? Baadhi ya majimbo huwapigisha kura makocha (asiruhusiwe mtu kuipigia timu yake), mengine hutumia hesabu ya RPI, kipimo cha ubora wa timu kinachotokana na matokeo. Katika muundo wake wa asili, robo ni asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu ni ya wapinzani wake, na robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani. Tazama uzito wa hiyo nusu ya kati: tokeo moja lililoingizwa kimakosa linahamisha hata timu ambazo hazikucheza mechi ile. Weka siku ya mwisho ya kuhakiki matokeo, na kila shule ithibitishe yake kwa maandishi.

Timu zikilingana kwenye orodha ndipo ugomvi unapozaliwa. Mbili ni rahisi, angalia nani alimfunga mwenzake. Lakini A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A. Kigezo hicho kimekufa. Kigezo kinachofuata kiwe kimeandikwa kabla ya msimu kuanza. Ukitumia tofauti ya pointi, iwekee kikomo kwa kila mechi, la sivyo makocha watawaacha wachezaji wao bora uwanjani ili kuwaongezea aibu walioshindwa. Andika pia jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: timu moja ikishatenganishwa, mbili zilizobaki zinarudi kwenye kigezo cha kwanza au zinaendelea na kilichofuata? Majibu hayo mawili yanaweza kutoa orodha mbili tofauti.

Uhalali wa wachezaji, yaani umri, uhamisho na masomo, umalizike kabla jedwali halijatangazwa. Mchezaji mmoja asiye halali akigunduliwa baadaye, timu yake huweza kupoteza mechi ilizoshinda, na orodha yote ikabomoka.

Kwenye ratiba, usidanganywe na dakika 32 za mchezo. Ukijumlisha mapumziko ya dakika 10, taimauti na faulo, mechi huchukua saa moja na nusu hivi, na kila muda wa nyongeza ni dakika 4 za saa ya mchezo. Achanisha mechi kwa saa 1 na dakika 45. Kama ukumbi lazima utolewe watu ili tiketi ziuzwe upya, weka saa 2. Majimbo ya baridi yaweke siku ya akiba, maana theluji ya Februari haina miadi.

Mezani, shikilia sheria ya dakika 10. Zikibaki dakika 10 mechi ianze, kila timu iwe imekwisha kukabidhi majina, namba na watano wa kuanza. Baada ya hapo, kuongeza jina au kusahihisha namba ni faulo ya kiufundi. Mtume mtu alinganishe kitabu cha alama na migongo ya wachezaji wakipasha misuli, namba kwa namba, wakati kusahihisha bado ni bure. Tangu msimu wa 2023–24, kitabu cha sheria cha NFHS kinahesabu faulo za timu upya kila robo, na kuanzia ya 5 ni mitupo huru miwili. Anayeendesha ubao akumbushwe kurudisha sifuri kila robo, ila si kwenye muda wa nyongeza, kwa kuwa ule unaendeleza faulo za robo ya nne.

Ubao na kitabu cha alama vilinganishwe mwisho wa kila robo, na filimbi ya mwisho ikilia, waamuzi wasiondoke kabla mwandika alama hajawaonyesha jumla. Wakishatoka eneo la uwanja, matokeo yamepitishwa, na kitabu cha sheria cha NFHS hakitambui malalamiko rasmi ya mechi.